Sauti ya Farjallah Hotelini

Katika mtaa wa Shela, pale Malindi, kulikuwa na nyumba ya mawe ambayo mpita njia alisikia cherehani yake kabla ya kuuona mlango wake. Ilikuwa nyumba ya Mwanamina. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyekwisha kuupita umri wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi kisogoni, na kazi yake ilikuwa kushona foronya na mapazia ya mahoteli. Alizaliwa Mambrui, akaja Malindi kwa ndoa, na katika nyumba ile ile aliyoingizwa bibi harusi ndimo alimokuwa akiishi bado mwaka wa themanini na sita, yalipomkuta haya.

Mumewe aliitwa Farjallah. Siku za kazi alikuwa mpima mizani katika kiwanda cha pamba. Penye harusi alikuwa mwimbaji. Hakuwahi kuimba redioni, wala jina lake halikuvuka Mambrui upande mmoja na Takaungu upande wa pili, lakini ndani ya mipaka hiyo alikuwa mtu wa kutafutwa. Udi aliupiga vizuri kiasi, na kuimba aliimba vizuri zaidi. Wanawake waliokaa uani nyuma ya pazia walijua zamu yake imefika kwa jinsi wanaume walivyonyamaza. Alikufa kwa maradhi ya kifua. Hawakujaaliwa mtoto. Udi ulichukuliwa na ndugu yake mdogo, Abdillahi, na Mwanamina akabaki na nyumba na kaseti moja.

Kaseti hiyo ilinaswa katika harusi ya Radhia, binti wa jirani. Mjomba wa bibi harusi alikuwa amekuja kutoka Uarabuni na kinasa sauti chake, akakiweka mkekani karibu na wapigaji, na harusi ilipokwisha akamtunukia Farjallah kaseti. Farjallah aliisikiliza kwa jirani mara moja tu. Akasema, "Huyu si mimi," akaitupa kabatini chini ya kanzu zake. Hakuitaja tena. Mwanamina aliitoa baada ya eda, akanunua redio ndogo ya kaseti, na tangu hapo kila alasiri, akishaswali, aliiwasha akakaa kwenye cherehani. Redio iliwahi kuharibika, akampelekea Musyoka, fundi wa redio karibu na soko, naye akaitia mota ya redio nyingine. Ikaendelea kuimba kama kawaida. Hivyo ndivyo alivyoamini Mwanamina.

Chumba cha mbele alikipangisha kwa msichana wa Kikamba, Kasiva, aliyetoka Kitui kuja kufanya kazi hotelini kwenye chumba cha mashuka. Kasiva ndiye aliyemtafutia kazi ya foronya. Jumapili alikwenda kuimba kwaya kanisani kwao, na siku nyingine alimsikiliza Farjallah kupitia ukutani, apende asipende. Wawili hao waliishi vizuri. Kasiva alimwita mama, na Mwanamina alimpakulia wali wa nazi bila kumuuliza kama ameshakula.

Basi Agosti ile, wageni walipokuwa wengi mjini, Kasiva alirudi kutoka kazini na habari. Tajiri mmoja wa Mombasa alikuwa amekodi ukumbi wa hoteli yao na vyumba viwili vya pembeni, akaleta mitambo ya muziki kutoka ng'ambo ili watu waje kuisikia. Hakikuwa kitu cha kucheza dansi. Watu wangekaa kitako na kusikiliza tu, kisha wenye uwezo wangeagiza. Maonyesho yangeendelea hadi Jumapili, na wafanyakazi waliruhusiwa kuleta jamaa zao saa za alasiri, wakati wateja wakubwa wamelala.

"Na mtu akija na kaseti yake wanampigia," Kasiva alisema. "Mama, beba ile ya mzee. Tukamsikie kwa spika kubwa."

Mwanamina alicheka, akasema Farjallah mwenyewe angeona aibu kuingia hoteli ile. Lakini siku ilipofika alivaa buibui lake zuri, na kaseti akaitia mkobani, akaifunga kwa leso ili isigongane na funguo.

Hotelini alikuwa akienda mara nyingi, ila siku zote kwa lango la nyuma, na mzigo wa foronya kichwani mwa mchukuzi. Siku hiyo waliingia mbele. Ndani mlikuwa na baridi ya mashine na zulia linalomeza nyayo, hata akageuka kutazama kama Kasiva bado yuko nyuma yake. Aliyewapokea alikuwa kijana mnene mwenye tai na kizibao cha kizungu, jina lake Thuku, mtu wa bara aliyesomea mambo ya sauti na kuajiriwa na yule tajiri kuwaonyesha watu mitambo. Alimwamkia Mwanamina shikamoo kwa heshima, akamkaribisha chumba cha kwanza.

Viti vilikuwa vimepangwa kama vya darasani, vyote vikitazama mbele, lakini mbele hapakuwa na mtu. Palikuwa na spika mbili ndogo, kila moja ukubwa wa kibati cha mkate, zimesimamishwa juu ya vigingi vya chuma. Baina yake kulikuwa na meza yenye santuri. Waliokaa walikuwa Wataliani wanne watano wenye nyumba zao ufukweni, Mhindi mmoja na mkewe, na mwalimu wa sekondari. Thuku aliteremsha sindano juu ya sahani ya santuri, akawaomba wote wafumbe macho. Muziki ulipoanza akauliza kwa sauti ya chini mpiga ngoma amekaa wapi, waonyeshe kwa kidole.

Mwanamina hakulielewa swali. Alifumbua jicho moja. Watu wazima wote wale walikuwa wameinua mikono, macho wameyafumba, wakionyesha sehemu moja kushoto, nyuma kidogo ya spika. Akatazama hapo. Palikuwa na ukuta na mti wa chunguni. Naye kwa kutotaka kujitenga akainua kidole akauonyesha ule mti, na Thuku akamwambia vizuri sana, mama, ndiko hasa.

Alitoka akijiuliza ameonyesha nini.

Chumba cha pili spika zilikuwa na kimo cha mtu. Hapo hakuhitaji kuulizwa chochote, kwani ngoma zilimwingia mbavuni na pindo la buibui likatetemeka. Thuku alisema sasa wajaribu kitu kidogo. Atapiga wimbo mmoja mara mbili, katikati atabadilisha waya unaotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika, halafu kila mtu aseme mara ipi ni bora. Akafanya hivyo. Mtaliani mzee mwenye ndevu alisema mara ya pili sauti ilikuwa imefunguka kama dirisha. Mwenzake akasema la, ya kwanza ilikuwa na joto, hii ya pili imekauka. Wakabishana kwa lugha yao, na mke wa yule Mhindi akaingia kati kumuunga mkono mwenye ndevu. Thuku akamgeukia Mwanamina, akamwuliza yeye aliye mgeni wa mambo hayo.

Mwanamina alikuwa amesikia wimbo ule ule mara mbili. Alimtazama Kasiva, na Kasiva akatazama viatu vyake.

"Zote nzuri," Mwanamina akasema.

Thuku aliitikia kwa kichwa kana kwamba hilo nalo ni jibu. Lakini Mwanamina moyo wake ulishaanza kuingia mashaka. Alikuwa mtu aliyejivunia masikio yake. Aliijua cherehani yake inapotaka mafuta, na kwa mlio wa kikohozi alijua jirani gani anapita. Sasa hapa palikuwa na watu wanaogombana juu ya kitu ambacho yeye hakukisikia kabisa, na hawakuonekana wazimu.

Ukumbini, ambako ndiko palikuwa mwisho wa maonyesho, Thuku alionyesha kitu kipya kuliko vyote: sahani ndogo inayong'aa kama kioo, isiyoguswa na sindano, inayosomwa kwa mwanga. Kabla ya kuiwasha aliwaambia wasisikilize muziki kwanza, wasikilize kimya kilichopo kabla ya muziki. Aliwasha. Ukumbi mzima ukakaa ukisikiliza kimya, na Mtaliani mwenye ndevu akatikisa kichwa kwa furaha. Mwanamina alisikiliza kwa juhudi yake yote. Alisikia mashine ya baridi, na mbali, jikoni, mtu akiosha masufuria. Hakujua kama hicho ndicho alichotakiwa akisikie au ndicho alichotakiwa asikisikie. Halafu piano ikalia ghafla karibu sana naye, akashtuka, akashika mkono wa Kasiva.

Ilipofika zamu ya wageni na kaseti zao, Mtaliani mmoja alileta ya kwao, na mwalimu akaleta ya kwaya ya shule. Kasiva akamgusa Mwanamina kiwikoni. Mwanamina akafungua leso, akampa Thuku ile kaseti kwa mikono miwili. Thuku akauliza ni ya nani. Akajibu kwamba ni ya marehemu mume wake, akiimba harusini. Thuku akaipangusa kwa kitambaa laini, akaitia, akarudi nyuma akasimama mikono amefumbata.

Kwanza ulisikika mvumo, kama mvua juu ya makuti ya mbali. Kisha udi. Kisha mwanamume akaanza kuimba kwa sauti nzito, ya taratibu, sauti ya mtu mnene aliyeketi baada ya kula.

Mwanamina akangoja. Akadhani kuna mtu alitangulia kuimba, Farjallah atafuata. Lakini maneno yalikuwa ni yale yale, kikohozi cha mtu baada ya ubeti wa kwanza kilikuwa ni kile kile, na kigelegele cha uani kilikuja mahali pake, ila kilikuja kimelegea, kama cha mwanamke aliyechoka.

"Mwanangu," akamwambia Thuku, "umekosea kaseti. Huyo si mume wangu."

Thuku akaisimamisha, akaitoa, akamwonyesha. Ilikuwa yake, na pembeni ilikuwa na alama ya wino aliyoitia mwenyewe. Thuku hakumcheka. Alimwuliza nyumbani huisikiliza kwa chombo gani, akaelezwa habari ya redio ndogo na mota ya Musyoka. Akasema basi ni hilo. Redio ile bila shaka inakimbia, inaizungusha kaseti haraka kuliko inavyotakiwa, na kaseti ikikimbia sauti hupanda na kuwa nyembamba. Huu mtambo wake umepimwa, haukimbii wala hauchelewi. Huyu aliyesikika sasa ndiye.

Mwanamina akasema, "Nilikuwa na mume huyo miaka yote ile. Wewe hukupata kumwona."

"Kweli, mama," Thuku alisema. Alipoendelea, sauti yake haikuwa tena ya kuuza. Alisema yeye anaweza kuapa kwa mtambo wake tu. Chombo kilichonasa harusi ile hakijui. Kama nacho siku hiyo kilikuwa kikikimbia au kikichechemea kwa betri, basi kaseti yenyewe tangu mwanzo haikuwa sawa, na mtambo wake mzuri unaipiga sawasawa hiyo isiyo sawa. "Hapo mtambo hauwezi kutusaidia. Anayeweza kusema ni aliyemjua."

Watu wote ukumbini walikuwa wakimtazama yeye. Mwanamina akafungua mdomo ili aseme. Akaitafuta sauti ya Farjallah kichwani mwake, ile ya kuita kutoka uani, ile ya kuomba maji, na iliyokuja ilikuwa ya redio.

Akaomba apigiwe tena. Mara hii aliinamisha kichwa. Kwa spika zile alisikia mambo ambayo redio yake haikuwahi kumwambia: gilasi zikigongana, mtoto akilia kisha akinyamazishwa, mtu akimwambia mwenzake asogee. Na kabla ya kila ubeti alisikia kitu kingine, mkwaruzo mdogo, kama mtu anayevuta hewa kwa kupitia kitambaa. Akamwuliza Thuku ni nini hicho. Thuku akasogea karibu na spika, akasema pengine ni pumzi ya mwimbaji, pengine ni kaseti tu, imezeeka. Mwanamina akauliza ni ipi kati ya hizo mbili. Thuku akasema hawezi kujua.

Harusi ya Radhia ilikuwa miaka miwili kabla Farjallah hajaugua. Ndivyo walivyosema wote, kwamba maradhi yalimwanza baadaye, ghafla, msimu wa pamba. Waliporudi nyumbani, wamefika barazani, ndipo Mwanamina alipomwuliza Kasiva kama mtu anaweza kulala kitanda kimoja na mgonjwa miaka miwili asisikie. Kasiva alijibu kwamba yule kijana amesema huenda ni kaseti. "Amesema pia huenda si kaseti," Mwanamina akasema, akaingia ndani.

Aliiwasha redio yake. Farjallah akaimba, mwembamba, wa haraka, kama kijana aliyetumwa dukani akaambiwa asichelewe. Miaka yote hiyo hakuwahi kuusikia uharaka huo. Sasa hakuweza kusikia kingine. Akaizima, na alasiri mbili zilizofuata cherehani ilifanya kazi peke yake.

Alimwendea Radhia, ambaye sasa alikuwa mama wa watoto watatu, mwenye duka la vitambaa mtaa ule ule. Akamwuliza, bila kumwambia sababu, sauti ya mume wake ilikuwaje. Radhia alijibu papo hapo kwamba ilikuwa nyembamba, tamu, ya juu kabisa, sauti ya kupenya mapazia. Mwanamina akashukuru moyoni. Akawa yuko mlangoni anaondoka, Radhia akaongeza kwamba bado anaisikia kila alasiri kupitia dirishani. Shukrani ikamtoka.

Ijumaa Abdillahi alikuja mjini. Alikuwa msimamizi wa vibarua kwenye mashamba ya chumvi Gongoni, mtu mrefu aliyekaushwa na jua la vidimbwi, na kila Ijumaa baada ya sala alipita kumjulia hali shemeji yake na kula kwake. Siku hiyo alipokuwa ananawa, Mwanamina alimweleza yote, ya hotelini na ya Radhia. Abdillahi alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema kaka yake alikuwa na sauti nzito, yeye alikaa naye mkeka mmoja akimpigia ngoma ya dumbaki na anajua. Mwanamina akamwuliza mbona hakusema, kila Ijumaa amekuwa akikaa hapo redio ikiimba.

Abdillahi alijifuta mikono. Alisema alidhani ndivyo kaseti zinavyofanya mtu. Kisha akasema, shemeji, kusema kweli, sauti nzito anayoikumbuka yeye ni ya kumgombeza alipokuwa mdogo, na kila mtu ni mzito kwa mtoto anayegombezwa. Ya kuimba hawezi kuiapia. Mwanamina alimwuliza kama udi unaweza kuwaonyesha, maana udi uko kwake. Akatikisa kichwa. Farjallah alizikaza nyuzi kwa kufuata sikio lake, kila siku alivyojisikia, leo juu kesho chini. Udi ungewaambia nini?

Hapo Mwanamina akamwuliza swali la pili, lile lililomlemea zaidi: kama Farjallah alikuwa akihema siku ile.

Abdillahi aliutazama wali wake. "Tulikuwa tukipiga ngoma, shemeji," akasema. "Mtu mwenye ngoma mkononi hasikii pumzi ya mwenzake."

Akala kidogo, akaondoka mapema.

Jumapili Kasiva aliruka kwaya ya mchana ili ampeleke tena. Mwanamina ndiye aliyetaka. Hakuwa na hakika anakwenda kutafuta nini, na alipofika ukumbini aliona aibu, maana spika nyingine zilishaanza kufungwa ndani ya masanduku. Thuku alikuwa bila tai, anakunja waya. Alimkumbuka mara moja. Alisema naye suala lile halikumtoka, hata ametoa sandukuni mtambo mwingine, ambao aliona unaweza kumfaa.

Ulikuwa mtambo wa kaseti wenye kitufe cha kuzungusha mbele yake, kidogo kama kifuniko cha chupa ya dawa. Kitufe hicho kiliongeza na kupunguza mwendo. Ukikipeleka kulia sauti inapanda, kushoto inashuka, na katikati kuna alama. Thuku alimvutia kiti Mwanamina, akamwekea mkono wa kulia juu ya kitufe, akamwambia yeye hatasema neno.

"Zungusha polepole, mama. Ukimfikia, acha."

Kaseti ikaanza. Mwanamina alianzia chini, kwa yule mtu mnene wa juzi, chini hata kumpita, mpaka maneno yakawa yanaburuzwa kama gunia. Akapandisha. Mtu akawa mwepesi, akaacha kuburuza, akainuka kidogo kidogo. Na mahali fulani, mkono ukiwa bado unakwenda, Farjallah alikuwamo ukumbini. Haikuwa sauti kama yake. Alikuwa yeye, na Mwanamina akamwona na kanzu yake ya rangi ya maziwa, goti moja limeinuka, akitazama juu ya vichwa vya watu. Ilikuwa kwa neno moja, au nusu ya neno. Mkono ukampita.

Akarudisha kitufe upesi. Hayupo. Akapandisha tena taratibu. Alikuwapo mtu anayemfanana, kisha mwingine anayemfanana zaidi, kisha aliyemzidi. Akarudi chini, akaja juu. Wimbo ukaisha, Thuku akaurudisha mwanzo bila kuambiwa. Kasiva aliyesimama nyuma ya kiti alijaribu kumsaidia, akawa anamwuliza kwa upole, hapo, mama? Hapo? Na kila alipoulizwa Mwanamina aliona ndipo, na kila alipotaka kusema ndiyo akaona sipo.

"Kilikuwa wapi kitufe?" akamwuliza Thuku mwishowe. "Wewe ulikuwa ukitazama."

Thuku alisema hakuwa akitazama kitufe. Alikuwa akimtazama yeye. Alisema aliona alipofika, lakini hakutazama mkono.

Mwanamina akavua miwani, akaifuta kwa ukingo wa leso. Hakulia. Alikuwa amechanganyikiwa kwa namna ambayo haikuacha nafasi ya kilio. Alikuwa amekuja akiamini kwamba kumkumbuka mumewe ni kazi aliyoifanya vizuri, kila alasiri bila kukosa, na sasa ilionekana kazi hiyo hiyo ndiyo iliyomfunika. Lakini kama asingeisikiliza kaseti, je, angebaki na nini? Alimwuliza Thuku hilo, kwa maneno mengine, na Thuku, kijana aliyesomea sauti, akasema hajui. Aliomba msamaha kana kwamba ni yeye aliyekosa.

Kabla hawajaondoka Thuku alijitolea kumnakilia wimbo kwenye kaseti mpya, kwa mwendo wowote atakaoutaka. Mwanamina alikishika kitufe mara ya mwisho, akakizungusha bila kusikiliza sana, kama mtu anayechagua nazi gizani, akakiacha mahali. "Basi hapa," alisema. Kasiva akauliza kama ndiye. Mwanamina akajibu kwamba si yeye hasa, ni jirani yake.

Walirudi nyumbani na kaseti mbili, nyeusi ya zamani na nyeupe mpya. Kasiva alipita kwa Musyoka akamwomba aje aitazame ile redio. Musyoka akaifungua, akapindua skrubu ndogo nyuma ya mota, akasema sasa inakwenda vizuri, ila hana kipimo, amekisia kwa taarifa ya habari, maana msomaji wake anamjua. Mwanamina alimshukuru, akampa chai na mahamri. Hakumwambia kwamba taarifa ya habari haitoki kwenye kaseti.

Kwa muda hakuziwasha zote mbili. Alishona kimya, na kimya kile kilimfundisha jambo ambalo hakulitarajia: Farjallah alikuwa na desturi ya kuvua viatu mlangoni kwa kuvigonga kimoja kwa kingine, mara mbili, kabla ya kusema hodi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Lilimjia tu, mguu wake ukiwa juu ya kanyagio. Hakujua limetoka wapi, na kwa kuwa alikuwa amejifunza kuogopa, akasimamisha cherehani akajiuliza kama kweli viatu vile vilikuwa vya Farjallah au vya baba yake mwenyewe kule Mambrui. Kaseti ya kumwambia haikuwapo. Akaamua ni vya Farjallah, akaendelea kushona.

Baadaye alianza tena kuwasha redio, kwanza Ijumaa tu, Abdillahi akija, kisha siku nyingine. Ile pumzi hakuisikia tena, kwani redio ilikuwa ndogo mno, na hakumtafuta mtu mwingine wa kumwuliza habari yake. Kuna siku alimwambia Kasiva kwamba ameamua kuwa ni kaseti. Kuna siku nyingine, bila ya kuulizwa, alisema alipaswa kumpeleka hospitali mapema.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza siku Kasiva aliporudi kutoka kazini na bunda la mashuka ya kushonwa upya, akamkuta anashona redio ikiimba. Alisimama mlangoni akisikiliza, maji yakimchuruzika. Akasema leo mzee anasikika vizuri, akauliza ni ile nyeusi au ile nyeupe.

Mwanamina akainua mguu kwenye kanyagio, akasikiliza kidogo, kichwa amekiinamisha upande. Kisha akanyoosha mkono, akaizima redio, akafungua kidirisha cha kaseti ili atazame ni ipi.